Masega mekundu: injini ikimisi, moto unahamia wapi?

Saa mbili usiku, pembeni ya barabara ya Morogoro kuja Dodoma, kabla ya kuingia Kibaigwa, niliinama chini ya gari la rafiki yangu nikaona rangi ambayo sijaisahau. Bomba la moshi, pale linapopita chini ya miguu ya abiria, lilikuwa jekundu kama kaa lililopulizwa. Gari lenyewe ni la michezo, milango miwili, la mwaka 1993, limeletwa kutoka Japani likiwa limeshakula miaka yake. Geji ya joto la maji ilikuwa imetulia katikati. Rejeta haikuchemka, oili ilikuwepo, hakuna hata tone lililovuja. Mwendesha bodaboda mmoja aliyesimama kutusaidia alichungulia, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Kaka, hili linaungua."

Halikuwa linaungua, ila hakukosea sana. Tangu mlima wa kupandia Gairo injini ilikuwa inamisi: inatetemeka, inakata, inakaa sawa kidogo, halafu inakata tena. Rafiki yangu alidhani ameuziwa mafuta mabaya, akaendelea kukanyaga ili afike nyumbani. Kila alivyokanyaga ndivyo alivyozidi kulisha ule moto wa chini bila kujua.

Kesho yake, hapa mjini, mafundi watatu tofauti walitoa jibu moja: toa masega (kile kidumu cha kusafisha moshi kilicho kwenye bomba), weka bomba tupu, tatizo limekwisha. Nimeusikia ushauri huo mara nyingi kiasi kwamba umeshaonekana kama ukweli. Mimi naona unamhukumu aliyepigwa na kumwacha aliyepiga. Masega yale yalikuwa mekundu kwa sababu yalibebeshwa kazi ya plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya silinda.

Kilichomo ndani ya kile kidumu

Jina la mtaani limepatia kabisa. Ukikikata kile kidumu cha chuma kilicho kati ya injini na sailensa, ndani utakuta jiwe la kauri lenye matundu madogo mamia kwa mamia, yamepangana kama sega la nyuki. Kuta za matundu hayo zimepakwa tabaka jembamba lenye chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni madini ya thamani kubwa, na ndiyo maana wapo watu wanaozunguka magereji wakiuliza kama kuna masega yametolewa.

Kazi ya chembe hizo ni kuharakisha mambo bila zenyewe kuisha. Moshi wa petroli unatoka kwenye injini ukiwa na kaboni monoksidi, mabaki ya mafuta ambayo hayakuungua, na oksidi za nitrojeni. Ukipita kwenye masega yaliyopata joto, kaboni monoksidi inageuka kaboni dayoksidi, mabaki ya mafuta yanamaliziwa kuungua na kuwa maji na kaboni dayoksidi, na oksidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni ya kawaida, ileile iliyojaa hewani. Mfaransa Eugène Houdry, aliyehamia Marekani, alikuwa akikifanyia kazi kifaa cha namna hii tangu miaka ya 1950, lakini petroli ya wakati ule ilitiwa risasi, na risasi inaziziba chembe hizo zikafa. Magari ya Marekani yalianza kufungwa masega kwa wingi kuanzia matoleo ya 1975, petroli isiyo na risasi ilipoanza kusambazwa. Kwetu, kusini mwa Sahara, risasi iliondolewa kwenye petroli mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo gari la miaka ya 1990 lililoingia nchini mapema linaweza kuwa na masega yaliyouawa na risasi zamani sana, na hilo ni tatizo jingine ambalo halina uhusiano na moto ninaouzungumzia hapa.

Masega ni mahali pa joto kwa asili yake. Yakiwa baridi hayafanyi lolote. Yanaamka yakifika nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na kazi yake ya kila siku inafanyika kati ya nyuzi 400 na 800. Kwa hiyo mtu akigusa kinga ya bati chini ya gari akaungua kidole, hajagundua ugonjwa. Ugonjwa unaanza joto likipita nyuzi 900 na kuendelea. Hapo zile chembe za madini zinaanza kugandana, chembe ndogo nyingi zinakuwa mabonge machache, na eneo la kufanyia kazi linapotea moja kwa moja. Joto likizidi nyuzi 1,400 kauri yenyewe inayeyuka kama mshumaa na matundu yanafunga.

Kuni peke yake haziwaki

Sehemu hii inawapotosha hata mafundi wenye mikono mizuri. Wanasema masega yanapata moto kwa sababu "gari linakula mafuta mengi". Si hivyo hasa. Injini inayochoma kwa mafuta mengi na hewa chache inatoa moshi mweusi, inanuka, inachafua plagi, lakini moshi wake hauna oksijeni ya kutosha. Mafuta ya ziada yanafika kwenye masega yakiwa kama kuni ndani ya chungu kilichofunikwa. Hata wahandisi, gari linapokanyagwa sana, huongeza mafuta kwa makusudi ili kupoza moshi na kuyalinda masega.

Silinda iliyomisi kwa kukosa cheche inafanya jambo la namna nyingine. Imevuta hewa kamili, imepewa mafuta kamili, vimechanganywa kwa kipimo kizuri, vimebanwa na pistoni, kisha cheche haikuja. Valvu ya kutolea moshi inafunguka na mchanganyiko wote unasukumwa nje kama ulivyo: mafuta pamoja na hewa yake. Unafika kwenye masega yenye nyuzi 600. Pale hauhitaji cheche tena.

Tupige hesabu. Chukua injini ya silinda nne inayotumia lita 8 kwa saa ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Kila silinda inapata lita 2 kwa saa. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32. Silinda moja ikifa kabisa kwa kukosa cheche, megajuli 64 zinapelekwa kwenye bomba la moshi kila saa, sawa na kilowati 18 hivi. Hayo ni majiko tisa ya umeme ya kilowati 2 kila moja, yamewashwa yote kwa pamoja ndani ya chombo kinacholingana na dumu dogo la mafuta ya kula. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda hiyo inatupa mzigo wake mara 25 kila sekunde. Joto la masega linapanda nyuzi mia kadhaa, na halichukui safari nzima kupanda; ni suala la dakika.

Kisha unakuja msaada mbaya wa kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi wetu wanaiita kontroli boksi. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi inanusa kitu kimoja tu: oksijeni iliyobaki. Haijui mafuta yaliyobaki. Silinda iliyomisi imetoa hewa ambayo haikutumika, sensa inaiona hewa hiyo na kutuma taarifa kwamba mafuta ni machache. Kontroli boksi inaamini, inaongeza mafuta kwenye silinda zote. Sasa silinda tatu nzima zinatoa mabaki ya mafuta ya ziada, ile mbovu inatoa hewa ya kuyaunguzia, na yote yanakutana kwenye masega. Kwa sababu hiyo hata silinda iliyokufa kwa nozeli (kipulizia mafuta) kuziba, ambayo haitoi mafuta kabisa, bado inaweza kuyapandisha joto masega: yenyewe inaleta hewa, wenzake wanaleta mafuta.

Cheche inayochelewa nayo ina sehemu yake. Taimingi ikirudi nyuma sana, mchanganyiko unakuwa bado unaungua wakati valvu ya moshi inafunguka, na moto unatoka nje ukiwa mbichi. Kwenye gari la distributa (kigawa cheche kwa kila plagi) iliyofungwa kwa kukadiria kwa sikio, hili si la kupuuza.

Kwa nini magari haya hasa

Gari jipya linajua likimisi. Kuanzia 1996, magari yote madogo yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kuwa na mfumo unaotambua kumisi, kwa kawaida kwa kupima mzunguko wa kreni (mhimili unaozungushwa na pistoni): silinda isipochoma, kreni inapoteza mwendo kidogo sana kwa muda mfupi, na kompyuta inaona. Kumisi kukifika kiwango cha kuharibu masega, taa ya injini haikai imewaka tu, inapepesa. Taa hiyo inayopepesa ina maana moja, punguza mwendo sasa hivi, na nasikitika kwamba madereva wengi hawajui tofauti yake na taa iliyotulia.

Magari mengi ya kabla ya hapo hayana uwezo huo. Watengenezaji wengine walifunga kipimajoto ndani ya bomba la moshi badala yake. Ferrari 348 na F355, za mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, zina taa kwenye dashibodi inayomwambia dereva apunguze mwendo. Ikianza kupepesa joto limepanda, na likizidi zaidi mfumo unaweza kuuzima upande mmoja wa injini ili kuyaokoa masega. Vipimajoto hivyo na visanduku vyake vikizeeka hutoa taarifa za uongo, na wamiliki wakizoea uongo huo hawaamini tena siku taa inaposema kweli.

Hapa Dodoma Ferrari haituhusu sana. Yanayotuhusu ni magari ya Japani, na mengi ya zamani yana taa ya aina hiyo. Tazama dashibodi yako wakati unafungua swichi kabla ya kuwasha injini: kama kuna taa yenye herufi tatu 排気温, hiyo ni taa ya joto la moshi. Nimekutana na watu waliokaa na gari miaka mitano wakiwa hawajui inasema nini. Nimekutana pia na gari ambalo balbu yake ilikuwa imetolewa, kwa kuwa ilikuwa inamsumbua dereva.

Magari ya michezo yana sababu zake. Injini ya turbo inabana hewa zaidi, na hewa iliyobanwa ni ngumu kuruka kwa cheche, hivyo udhaifu mdogo wa koili (inayokuza umeme wa cheche) unaonekana pale unapokanyaga. Injini iliyofungwa katikati, kama ya Toyota MR2, inakaa kwenye chumba kidogo ambacho upepo wa barabarani haukifikii vizuri. Mazda RX-7, yenye injini ya rota isiyo na pistoni, kwa asili yake inatoa moshi wa moto sana na wenye mabaki mengi ya mafuta, tena kila rota ina plagi mbili. Moja ikifa gari bado linatembea, dereva anahisi uchovu kidogo tu, kumbe masega yanapikwa.

Kuifuata cheche

Betri inatoa volti 12. Ili kuruka pengo la plagi ndani ya silinda iliyobanwa, zinahitajika volti 20,000, na kwenye injini ngumu hata 40,000. Koili ndiyo inayofanya ukuzaji huo. Umeme wa namna hiyo hauna subira. Ukikuta njia rahisi kuliko pengo la plagi, unaifuata: ufa wa plastiki, mpira uliokauka, vumbi lenye unyevunyevu, waya uliolalia chuma.

Mara nyingi mlolongo unaanza na kitu cha bei ndogo. Plagi inapochakaa, ncha zake zinaliwa na gepu, yaani lile pengo, inapanuka. Gepu ya milimita 0.8 ikifika milimita 1.3, koili inalazimika kupandisha volti zaidi kila mara kabla cheche haijaruka. Koili ya miaka thelathini, ambayo insulesheni yake imekauka, haikuumbwa kwa mzigo huo. Inapata ufa mdogo usioonekana na umeme unaanza kutorokea pale. Mwenye gari ananunua koili, plagi zilezile zinabaki, na baada ya miezi michache koili mpya nayo inaugua. Anayekuambia ubadilishe koili bila kuzitoa plagi na kuzipima gepu hajamaliza kazi.

Plagi bandia za iridiamu zinastahili aya yao. Plagi halisi ya iridiamu ina ncha ya katikati nyembamba kama sindano, milimita 0.4 hadi 0.7 hivi. Ukiona boksi linasema iridiamu na ncha ni nene kama msumari, umeuziwa plagi ya kawaida kwa bei ya harusi. Afadhali plagi ya kawaida ya nikeli iliyo halali, ukaibadilisha mapema.

Kisha kuna ule mpira au plastiki inayovaa juu ya plagi. Umeme ukishawahi kutoroka kando ya kauri ya plagi unaacha mstari mwembamba, mweusi kama wa penseli au mweupe kama wa chaki. Mstari huo ni njia. Ukibadilisha plagi ukarudisha mpira wenye mstari, umeme utaipata njia yake ya zamani hata kwenye plagi mpya. Vitu hivi viwili vinabadilishwa pamoja.

Kwenye injini kama 1JZ-GTE ya VVT-i ya Toyota, koili tatu zinahudumia silinda sita, kila koili inatoa cheche kwa silinda mbili kwa wakati mmoja, moja moja kwa moja na nyingine kupitia waya. Waya mmoja ukioza unaweza kuona dalili kwenye silinda mbili, ukadhani injini imechoka kabisa. Kwenye magari ya distributa, fungua kifuniko uangalie vibati vya ndani vilivyoliwa, ufa, na ile ncha ya kaboni ya katikati. Dakika kumi za kuangalia kwa tochi zinaweza kuokoa pesa nyingi.

Na kuna ugonjwa wa joto. Koili na kifaa chake cha kielektroniki vinaweza kupimwa asubuhi vikiwa baridi vikaonekana vizima kabisa, halafu vikafa baada ya kilomita arobaini. Ukisimama ukanywa chai, gari linapona. Fundi ambaye hajalitembeza gari mpaka lichemke vizuri hataiona hitilafu hii, na hapaswi kulaumiwa kwa kutoiona. Anapaswa kupewa muda na gari lenye moto.

Mazingira yetu yana mchango wake. Dodoma iko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya nane. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani likifika huku linachoma kwa mafuta mengi kuliko hewa, plagi zinashika masizi, na masizi yanapitisha umeme. Magari ya nozeli yenye sensa nzima yanajirekebisha yenyewe. Hewa nyepesi pia ni kinga dhaifu dhidi ya umeme mkali, kwa hiyo waya uliokuwa unavumilia Kariakoo unaweza kuanza kuvujisha ukiwa Chamwino. Ongeza vumbi la miezi ya upepo, linaloingia kila tundu, na ile njia ya kwenda Singida: tambarare ndefu ya Bahi ambapo mguu unakaa kwenye mafuta bila kupumzika, kisha mlima wa kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Hapo ndipo koili dhaifu huomba msamaha.

Namna ya kulitafuta bila kuliongeza

Wengi wetu tumejifunza kuitafuta silinda mbovu kwa kuchomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma. Kwa gari lenye masega, acha. Kila waya unaochomoa ni silinda nyingine unayoilazimisha kutupa mafuta na hewa kule chini, bila kusahau kwamba umeme usio na pa kwenda unaweza kuichoma koili au mkono wako. Chomoa soketi ya umeme ya nozeli badala yake: silinda inakufa bila kutoa mafuta. Fanya kwa sekunde chache, rudisha, nenda inayofuata. Ile ambayo ukiichomoa injini haibadiliki mlio, ndiyo mgonjwa.

Kipimo cha usiku hakina gharama. Weka gari mahali penye giza lakini pa wazi, penye hewa, washa injini, fungua boneti, nyunyiza maji kidogo sana kwa chupa ya kupulizia karibu na nyaya na koili, mikono ikiwa mbali. Umeme unaovuja utauona kwa macho, vijicheche vya buluu vikitambaa juu ya mpira. Mchana huwezi kuviona.

Zitoe plagi zote uzipange kwa mpangilio wa silinda. Iliyolowa petroli haina cheche. Yenye masizi makavu meusi inalishwa mafuta mengi. Yenye oili inasema ringi au sili za valvu. Iliyo safi kupita wenzake, kama imeoshwa, ifikirie maji yanayopita kwenye gasketi. Na kabla hujatoa hela ya koili, pima kompresheni. Silinda isiyobana haitachoma hata ukiipa cheche ya radi.

Yapo makosa mawili ya kila siku ambayo vitabu vya magari vinayaonya na sisi tunayafanya kwa moyo mweupe. La kwanza ni kulisukuma gari lililogoma kuwaka. Injini inazungushwa bila kuchoma, petroli mbichi inajaa kwenye masega, na siku likishika, petroli hiyo yote inawaka pale. La pili ni kutembelea taa ya mafuta hadi tangi likauke ukiwa kwenye mwendo: pampu ikianza kuvuta hewa, silinda zinamisi ovyo, na masega yanapokea kila kitu.

Wakisema toa masega

Turudi kwa wale mafundi watatu. Wana hoja moja ya kweli: masega yaliyoyeyuka yanaziba, moshi unakosa njia, gari linakosa nguvu, na joto linarudi kwenye injini. Masega ya namna hiyo lazima yatoke. Kwenye baadhi ya magari, Toyota MR-S ikiwa mfano unaojulikana sana, masega madogo ya mwanzo yamekaa karibu na injini, na yakivunjika unga wake wa kauri unaweza kurudi ndani ya silinda na kuzikwangua kuta. Kwa gari kama hilo ninaelewa hofu.

Lakini kuyatoa hakuzimi moto, kunauhamishia mbele. Mafuta yasiyoungua yataendelea kutoka, sasa yatalipuka ndani ya sailensa, au yataosha oili kwenye kuta za silinda ile iliyokufa na kushuka hadi kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Plagi bado ni mbovu. Petroli bado inapotea. Na kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, inatoka nzima; kwenye gari la zamani lenye mpira wa buti uliochoka na sakafu yenye tundu la kutu, gesi hiyo ina njia ya kuwafikia waliomo ndani. Ninapowaza watoto wamelala kiti cha nyuma safari ya usiku, sioni hoja ya bomba tupu.

Kuna jambo la porini pia. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba nyasi zetu zinakuwa kama karatasi. Gari linalomisi likitolewa nje ya barabara na kuegeshwa juu ya nyasi ndefu, masega yenye nyuzi 800 yanazigusa. Egesha kwenye changarawe au udongo mtupu, na usizime tu ukaondoka. Chungulia chini kwanza.

Gari la rafiki yangu tulilifungua siku ya tatu, chini ya mwembe, bila haraka. Plagi ya silinda ya tatu ilikuwa imelowa. Gepu yake ilikuwa imepanuka kiasi kwamba kipimo changu kinene kilipita bila kugusa. Ndani ya mpira wa waya wake kulikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama unywele, kutoka juu hadi chini. Tulibadilisha plagi nne na seti nzima ya waya. Masega tuliyashusha tukayamulika kwa tochi: kona moja ilikuwa imeyeyuka, ukubwa wa sarafu, sehemu iliyobaki ilikuwa wazi na mwanga ulipita. Tuliyarudisha.

Wiki mbili baadaye tulipanda tena mlima wa Gairo, usiku, kwa mwendo uleule. Pale Kibaigwa rafiki yangu alisimama bila kuambiwa, akazima taa zote, akalala kifudifudi kwenye lami ya pembeni na kuchungulia chini. Nilisubiri. Alichelewa kuinuka, nikaanza kupata wasiwasi, nikamuuliza anaona nini.

"Giza," akasema. "Giza tupu."